GWY si Kiingereza: kuwasoma Wacherokee kwa mwandiko wao

Tahlequah, mji mkuu wa Taifa la Cherokee katika jimbo la Oklahoma, ina vibao vya mitaa vyenye maandishi ya aina mbili. Moja ni Kiingereza. La pili humchanganya mgeni, maana macho yaliyozoea herufi za Kilatini huona humo D, R, W, H na hata 4, halafu kinywa kinashindwa kutamka. Neno linaloonekana mara nyingi ni ᏣᎳᎩ, ambalo kwa haraka utaapa kwamba ni GWY. Linasomwa tsa-la-gi. Ndilo jina la watu hao kwa lugha yao, ingawa wanalo jingine la ndani zaidi, Aniyvwiya, yaani watu hasa.

Hiyo r iliyomo katika neno Cherokee imetoka wapi, wakati wenyewe wanasema l? Imetoka katika lahaja moja ya kusini, iliyokwisha kufa, ambayo ilitamka r mahali ambapo lahaja nyingine zinatamka l. Wazungu walikutana na hao kwanza, wakaandika walichosikia. Mswahili aliyewahi kusikia watu wakibishana kuhusu kalamu na karamu hatashangaa.

Wengi wanaotaka kuwajua Wacherokee huanzia mwaka 1838, kwenye Njia ya Machozi, ile safari ya kuhamishwa kwa nguvu kwenda magharibi, na huishia hapohapo. Mimi nashauri kuanzia kwenye mwandiko. Historia yao, kuliko ya karibu taifa lolote jingine la wenyeji wa Marekani, ni historia ya karatasi: zile walizoandika wao na zile walizoandikiwa na wengine. Asiyejua kuzitofautisha atapotea mapema.

Kwanza jedwali lenyewe. Mwandiko huu una alama 85, na kila alama, isipokuwa moja, ni silabi nzima. Anayeanza akiwa na Kiswahili kichwani ana faida kubwa, kwa sababu alifundishwa ba be bi bo bu kabla hajajua kwamba kuna b peke yake. Lakini faida hiyo ina mtego. Mswahili hutegemea safu moja ifanane sura. Haifanani hata kidogo. Tazama safu ya g: Ꭶ ni ga, Ꭸ ni ge, Ꭹ ni gi, Ꭺ ni go, Ꭻ ni gu, Ꭼ ni gv. Hakuna mkia wala kichwa kinachokuambia kwamba hizi ni ndugu. Kila moja inakaririwa kivyake.

Mtego wa pili ni zile sura za Kilatini. Ꭰ inafanana na D lakini ni a. Ꭱ inafanana na R, nayo ni e. Ꭲ ni i, Ꮋ ni mi, Ꮓ ni no, Ꮪ ni du, Ꮩ ni do. Mwanafunzi akishindwa katika juma la kwanza, mara nyingi ni kwa sababu ubongo wake unaendelea kusoma Kilatini kimyakimya. Dawa ni kuacha kukariri jedwali kwa safu na kujifunza kwa maneno. Chukua vokali sita kwanza, halafu maneno mafupi ya chakula.

ᏎᎷ. Inaonekana kama 4M. Ꮞ ni se, Ꮇ ni lu: selu, mahindi.
ᎢᏯ. Ꭲ ni i, Ꮿ ni ya: iya, boga.
ᏚᏯ. Ꮪ ni du, Ꮿ ni ya. Lakini maharage ni tuya.

Hilo la mwisho halikukosewa. Jedwali linatenganisha da na ta, de na te, di na ti, kisha likifika kwenye o, u na v linaacha: alama moja inabeba do na to, moja du na tu. Kwenye g ni hivyohivyo. Ga na ka zina alama mbili, zilizobaki zinachangia. Msomaji anajua ni ipi kwa sababu analijua neno. Waliowahi kusoma Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanaielewa hali hii: karatasi inakupa mifupa, nyama unaileta mwenyewe. Toni hazikuandikwa, urefu wa vokali haukuandikwa, na vokali ya mwisho iliyoandikwa mara nyingi haisikiki mtu anapozungumza. Kwa hiyo anayejifunza kwa karatasi tupu, bila kusikia sauti ya mzee au rekodi, atasoma kila kitu kwa usahihi na hataeleweka.

Vokali ya sita, ile inayoandikwa v kwa Kilatini, haihusiani na v ya vitabu. Ni vokali ya puani. Tuliza ulimi katikati ya kinywa, acha hewa ipite puani, utoe sauti ya mtu anayeguna. Neno la kukubali ni ᎥᎥ, yaani hiyo hiyo mara mbili.

Midomo nayo haina kazi kubwa. Kicherokee hakina p, b wala f. Sauti pekee ya kufunga midomo ni m, na maneno yenye m si mengi. Ndiyo maana jina la Petro katika Agano Jipya la Kicherokee ni ᏈᏓ, Quida. P iligeuzwa kw, ambayo wameizoea. Jaribu kusema sentensi tatu za Kiswahili bila kufunga midomo, utaona kazi waliyokuwa nayo watafsiri.

Kuna alama moja tu isiyo silabi kamili, Ꮝ, ambayo ni s peke yake. Inashika mahali ambapo s inagusana na konsonanti nyingine. ᏍᎩ, sgi, ndiyo asante ya Wacherokee wa mashariki, wale wa North Carolina. Wa Oklahoma wanasema wado, ᏩᏙ. Salamu ni osiyo kote, ᎣᏏᏲ, na kwa marafiki inafupishwa siyo. Mswahili akisalimiwa hivyo asidhani amekatazwa jambo.

Tofauti nyingine ya pande hizo mbili iko kwenye safu ya ts. Oklahoma huitamka karibu na j au ch, hivyo ᏣᎳᎩ yao inasikika kama jalagi. Usimsahihishe mtu.

Kwenye simu na kompyuta mambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila kuna kosa moja linalorudiwa kila siku. Herufi za Kicherokee ziliingizwa katika Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, mwaka 1999, na simu za kawaida zina kibodi yake. Mtu mvivu haifungui kibodi hiyo. Anaandika W ya Kilatini mahali pa Ꮃ, kwa sababu kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni vitu viwili. Neno halitapatikana kwenye utafutaji wala kwenye kamusi ya mtandaoni, na likibadilishwa fonti linavunjika. Herufi ndogo nazo ziliongezwa mwaka 2015, kwa hiyo kwenye kifaa cha zamani herufi kubwa zinaonekana vizuri huku ndogo zikiwa visanduku vitupu. Tumia kubwa tupu kama hujui msomaji ana kifaa gani.

Aliyeubuni mwandiko huu hakujua kusoma lugha yoyote. Sequoyah alikuwa mhunzi na mfua fedha, alizaliwa Tuskegee, katika eneo ambalo sasa ni Tennessee, karibu mwaka 1770. Alianza kazi hii karibu 1809, akijaribu kwanza alama moja kwa kila neno, akaona hazitakwisha. Ndipo akaanza kusikiliza vipande vya maneno. Mwaka 1821 alikuwa amemaliza, na aliyemsaidia kuwathibitishia wazee ni bintiye, Ayoka: baba anatolewa nje, watu wanamwambia mtoto maneno, mtoto anaandika, baba anarudi na kusoma. Alikuwa amewahi kuona vitabu vya Kiingereza, akachukua baadhi ya sura bila kujali zilisomwaje. Ndiyo asili ya D inayosomwa a. Sura tunazoziona leo ni zile zilizonyooshwa kwa ajili ya kupigwa chapa. Mkono wake wa awali ulikuwa wa kuzungushazungusha, na anayejua chapa tupu hawezi kuusoma.

Taifa liliukubali mwandiko huo rasmi mwaka 1825. Ulienea bila shule: aliyejua alimfundisha jirani barazani, na mtu mzima anayezungumza Kicherokee aliweza kusoma baada ya majuma machache. Tarehe 21 Februari 1828, mjini New Echota, Georgia, likatoka toleo la kwanza la gazeti la Cherokee Phoenix, safu za Kiingereza na za Kicherokee katika ukurasa mmoja. Mhariri alikuwa Elias Boudinot. Herufi za risasi zilisubuliwa Boston. Miezi saba kabla ya hapo, Julai 1827, taifa lilikuwa limeandika katiba yake yenye mihimili mitatu.

Georgia iliposoma katiba hiyo iliona nchi ndani ya nchi. Dhahabu ikagunduliwa Dahlonega. Sheria ya Kuhamisha Wahindi, kama walivyoitwa, ikatiwa saini na Andrew Jackson Mei 1830. Wacherokee walijibu kwa njia waliyoijua, wakaenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Cherokee. Uamuzi haukutekelezwa. Mwaka huohuo Georgia iliigawa ardhi yao kwa bahati nasibu. Mtambo wa kuchapia gazeti ulikamatwa na askari wa jimbo mwaka 1835.

Sasa angalia karatasi mbili za miaka hiyo kwa karibu. Ya kwanza ni Mkataba wa New Echota wa tarehe 29 Desemba 1835, unaouza nchi yote ya mashariki kwa dola milioni 5. Waliotia saini ni wanaume wapatao 20. Chifu Mkuu John Ross hakuwemo, wala baraza halikuidhinisha. Waliokuwemo ni Major Ridge na yule Boudinot wa gazeti; John, mwanawe Ridge, alitia saini baadaye. Waliamini nchi imekwisha kupotea na kwamba heri kupata kitu. Ya pili ni malalamiko yaliyopelekwa Washington yakiupinga mkataba huo, yenye majina zaidi ya 15,000. Seneti iliupitisha ule wa watu 20, Mei 1836, kwa kura moja tu: ingepungua hiyo, theluthi mbili zinazotakiwa zisingetimia.

Taifa lenyewe lilikuwa na sheria iliyoandikwa 1829: anayeuza ardhi bila idhini adhabu yake ni kifo. Ridge aliijua kuliko wengi, maana mwaka 1807 alikuwa miongoni mwa waliomuua chifu Doublehead kwa kosa la aina hiyo. Tarehe 22 Juni 1839, baada ya safari ya kuhamishwa, yeye, mwanawe na Boudinot waliuawa siku moja katika sehemu tatu tofauti.

Kuhusu safari yenyewe nitasema machache, kwa kuwa ndiyo sehemu inayosimuliwa kila mahali. Askari wapatao 7,000 chini ya Jenerali Winfield Scott walianza kuwatoa watu majumbani mwishoni mwa Mei 1838. Walifungiwa katika mazizi ya magogo wakati wa kiangazi kikali, na vifo vingi vilitokea humo, kwa kuhara damu na surua, kabla ya gurudumu kuzunguka. Ukame ulikausha mito ya kusafiria, wengi wakasubiri hadi vuli, na kwa hiyo wakakutwa barabarani na barafu. Makundi 13 yaliongozwa na Wacherokee wenyewe baada ya Ross kuomba hivyo; ya mwisho yalifika Machi 1839. Makadirio yanayotajwa zaidi ya waliokufa ni 4,000, kati ya watu wapatao 16,000.

Tukirudi kwenye karatasi: sensa ya serikali ya mwaka 1835 iliandika Wacherokee 16,542 katika majimbo manne, Wazungu 201 waliooa huko, na watumwa 1,592. Watumwa hao walikuwa Waafrika na wana wa Waafrika. Walitembea njia ileile, wakibeba mizigo ya wenyewe na ya mabwana zao. Msomaji wa Afrika asiliruke jambo hili eti kwa sababu masimulizi ya huruma hayalitaji. Uhuru wao ulikuja na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mkataba wa 1866 uliwapa uraia kamili wa Taifa la Cherokee pamoja na wazao wao. Kilichofuata kinaonyesha karatasi inavyoweza kubadilisha ukoo.

Kati ya 1898 na 1906 tume ya serikali ya Marekani, inayojulikana kwa jina la Dawes, iliandikisha watu ili ardhi ya pamoja igawanywe kiwanja kwa kiwanja. Iliwatenga katika orodha mbalimbali: wa damu ya Kicherokee, wahuru, yaani waliokuwa watumwa na wazao wao, Wazungu waliooa, na kadhalika. Mtu mweusi aliyekuwa na mama au bibi Mcherokee aliwekwa kwenye orodha ya wahuru, na pale hakuandikiwa sehemu yoyote ya damu. Karani aliangalia sura. Miaka mia moja baadaye, 2007, kura ya taifa ikawaondoa wazao wa wahuru kwa hoja kwamba babu zao hawako kwenye orodha ya damu. Mahakama ya shirikisho iliirudisha haki yao 2017, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee yenyewe ikafuta maneno kuhusu damu katika katiba.

Kuna Wamarekani wengi sana, weusi kwa weupe, wanaosema bibi mzaa bibi alikuwa Mcherokee, na baadhi yao sasa wameoana na Waswahili, watoto wanauliza. Utafutaji wake uko hivi. Anza na aliye hai, urudi nyuma mtu mmoja mmoja kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, hadi umpate aliyekuwa hai mwaka 1900. Usianzie kwa jina la chifu maarufu na kushuka. Utafika kwa ukoo wa watu wengine. Ukishampata, tazama aliishi wapi. Tume ya Dawes iliandikisha waliokuwa wakiishi katika Eneo la Wahindi, Oklahoma ya sasa. Kama bibi huyo alikuwa Texas au Georgia miaka hiyo, hayumo, hata kama damu yake ni kamili. Jina likipatikana, chukua namba ya kadi ya sensa, kwa sababu jalada la maombi linafuata namba hiyo, na ndani yake mna mahojiano ya mwombaji neno kwa neno. Hapo ndipo penye thamani. Orodha yenyewe ni jina, umri, jinsia na sehemu ya damu, na sehemu hiyo iliandikwa kwa kukisia kiasi kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na sehemu tofauti.

Tafuta pia orodha ya Guion Miller ya 1909, iliyotokana na fidia ya kesi ya zamani. Maombi yalizidi 45,000, na waliokubaliwa ni 30,254. Maombi yaliyokataliwa yamehifadhiwa pia, na yana majina ya babu na bibi. Wengi hukosea kwa kuona jina humo na kushangilia, bila kusoma muhuri wa kukataliwa.

Uraia ni suala jingine. Kuna mataifa matatu yanayotambuliwa na serikali ya Marekani, kila moja na kanuni yake. Taifa la Cherokee la Tahlequah linataka uwe mzao wa mtu aliye kwenye orodha ya Dawes, bila kiwango cha damu. Bendi ya United Keetoowah, hapohapo Tahlequah, inataka robo. Bendi ya Mashariki, huko North Carolina, inataka sehemu 1 ya 16 na babu kwenye orodha ya Baker ya 1924. Kipimo cha DNA cha kutafuta asili hakikubaliwi kokote kati ya hayo matatu.

Zaidi ya hapo, orodha hizi zote zilijengwa vibaya tangu msingi. Makarani waliandika mkuu wa kaya, mwanamume, kisha mke na watoto chini yake. Kwa Wacherokee nyumba na shamba vilikuwa vya mwanamke, na mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Koo ni saba: Mbwamwitu, Paa, Ndege, Rangi, Bluu, Nywele Ndefu na Viazi Pori. Huoi ndani ya ukoo wako, wala ukoo wa baba yako. Mwenye kumlea na kumrudi mtoto wa kiume alikuwa mjomba, edutsi. Baba alikuwa mpenzi wa nyumba lakini wa ukoo mwingine. Mluguru au Mmakonde hahitaji kuchorewa mchoro. Wageni walipoona mwanamume Mcherokee hasemi neno kuhusu shamba wala watoto, waliandika kwamba ni mvivu na asiyejali. Ukisoma barua za wamisionari, kila penye neno mjomba simama na usome tena.

Nikirudi kwenye ᏎᎷ. Sisi tunaita mahindi, tukidhani yalitoka kwa Wahindi. Columbus aliwaita waliokuwa na mahindi Wahindi, akidhani amefika Bara Hindi. Makosa mawili tofauti yakakutana kwenye gunzi moja.

Mahindi ya Wacherokee hupikwa kwanza na majivu. Majivu yawe ya mti mgumu, hikori au mwaloni, yaliyochekechwa. Ya msonobari yana chumvi kidogo ya kulainisha na yanaacha ladha ya utomvu, na ya mbao zilizopakwa rangi ni sumu. Chungu kiwe cha chuma au cha enameli. Sufuria ya aluminiamu huliwa na maji ya majivu na chakula kinageuka kijivu. Chemsha punje hadi ngozi iteleze ukiminya kwa vidole, kisha osha maji baada ya maji mpaka yawe meupe na mkono usihisi utelezi. Haraka kwenye kuosha ndiyo kosa la kawaida, na ulimi utakuambia. Kazi hii haikuwa ya kulainisha tu. Majivu huifungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje. Wakulima maskini wa kusini mwa Marekani waliochukua mahindi wakaacha majivu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20.

Kinu chao, kanona, ᎧᏃᎾ, ni gogo lililosimamishwa, lenye shimo juu. Mchi ndio utakaokushangaza: umepinduliwa. Upande mnene na mzito uko juu, hewani, na upande mwembamba ndio unaotwanga. Uzito unashuka wenyewe. Mwanamke anainua na kuongoza, hasukumi. Mtu wa kwetu akiupewa ataugeuza, na baada ya dakika tano atakuwa amechoka bure.

Humo ndimo hutengenezwa kanuchi. Ni njugu za hikori zilizokusanywa vuli na kukaushwa majuma kadhaa. Zitie kwenye maji kwanza. Zinazoelea zimeliwa na fukusi, tupa. Zipasue, chekecha maganda makubwa, kisha twanga mabaki, nyama na maganda madogo pamoja, mpaka mafuta yatoke na unga ushikane. Finyanga matonge ya ukubwa wa ngumi. Wakati wa kupika, tonge moja kwenye takriban lita moja ya maji, lichemke taratibu dakika 10 hivi mpaka liyeyuke, halafu chuja kwa kitambaa. Kinachotoka ni tui. Mpika wali wa nazi atalitambua kwa rangi na kwa harufu, na atajua kwamba machicha yanabaki kwenye kitambaa na kwamba la chini ya chungu halimwagwi lote, kwani maganda yamezama pale. Tui hilo huchanganywa na mahindi yale ya majivu, au wali, chumvi kidogo au sukari. Matonge yasiyopikwa siku hiyo yagandishwe kwenye friza. Mafuta ya hikori huchacha upesi kwenye joto.

Leo wanaokizungumza Kicherokee tangu utotoni ni kama 2,000, wengi wao wazee, na mwaka 2019 mataifa yote matatu yalitangaza kwa pamoja hali ya dharura ya lugha. Kuna shule za kuzamisha watoto katika lugha pande zote mbili. Wakati huohuo kuna maandishi mengi ya mkono ambayo hayajasomwa. Waganga walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuthamini mwandiko wa Sequoyah kwa siri, wakaandika dua na dawa zao kwenye daftari za kawaida za hesabu. Mmoja wao, Ayunini wa North Carolina, aliuza daftari lake kwa serikali ya Marekani katika miaka ya 1880. Mengine yako kwenye masanduku ya familia. Ukionyeshwa moja, uliza kwanza kama linaruhusiwa kusomwa kwa sauti. Yapo yasiyoruhusiwa, na picha ya simu pia ni kusoma.

Likiruhusiwa, usitafute mwanzo wa sentensi, kwa sababu mara nyingi hakuna nukta wala nafasi kati ya maneno. Tafuta Ꮝ. Ndiyo konsonanti pekee inayosimama peke yake, na zinazoweza kuifuata si nyingi. Kutoka hapo soma kwenda mbele hadi neno unalolijua. Kisha tenganisha Ꮃ na Ꮤ, la na ta, ambazo kwa wino wa haraka ni W mbili, na Ꮳ na Ꮹ, tsa na wa, ambazo zote ni G iliyopinda. Ukikwama kwenye moja, linganisha na ukurasa mwingine wa mkono huohuo, maana kila mwandishi alikuwa na W yake.